Mkongo ukikatika karibu na Afrika Kusini, kwa nini intaneti ya Dar es Salaam ndiyo inayozima?

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, watu wengi Tanzania waliwasha data wakabaki kutazama kile kiduara kinachozunguka. Umeme ulikuwepo, minara ilisimama, bando halijaisha. Kilichokatika ni mikongo miwili, nyaya za mawasiliano zilizolala chini ya bahari, EASSy na Seacom, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Dar es Salaam.

Mkongo una ncha mbili, na kwa kawaida ukikatika kusini, data huelekezwa kaskazini. Tatizo ni kwamba kaskazini nako palishaharibika. Februari 2024 Seacom ilikatika katika Bahari ya Shamu, pamoja na mikongo ya AAE-1 na EIG. Anayeshukiwa ni nanga ya Rubymar, meli iliyopigwa kombora na Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, ikawa inaelea huku ikikokota nanga yake. Mzigo mkubwa ulikuwa umehamia njia ya kusini, na sasa kusini nako kukafungwa. Kenya iliumia pia, ila yenyewe ina mikongo mingine inayofika nchi kavu Mombasa, kama TEAMS inayokwenda hadi Fujairah, Falme za Kiarabu. Tanzania ilitegemea zaidi hiyo miwili.

Katika kina kirefu, mkongo wenyewe una unene kama wa kidole gumba cha mtu mzima tu: milimita 20 hivi. Katikati kuna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, zimezungukwa na nyaya za chuma, ganda la shaba, kisha plastiki. Shaba hiyo hupitisha umeme wa maelfu ya volti kwa ajili ya vikuza mwanga, ambavyo hukaa kila baada ya kilomita 60 hadi 100. Karibu na pwani huongezwa deraya ya chuma, kwa sababu huko ndiko adui aliko. Duniani hutokea hitilafu kama 150 hadi 200 kwa mwaka, na nyingi husababishwa na nanga za meli na nyavu za kukokota. Papa, pamoja na umaarufu wake mitandaoni, karibu hahusiki kabisa.

Mahali palipokatika hujulikana bila mtu kuondoka nchi kavu. Kituo cha pwani hurusha mmweko wa mwanga ndani ya uzi, nao ukifika penye kidonda, sehemu yake hurudi. Ndani ya kioo mwanga husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Ukirudi baada ya milisekunde 10, umetembea kilomita 2,000 kwenda na kurudi. Basi kidonda kiko kilomita 1,000 kutoka hapo.

Ndipo meli ya matengenezo hung'oa nanga. Kwa upande wetu wa Afrika mara nyingi huwa Léon Thévenin ya Cape Town, iliyoundwa mwaka 1983. Ikifika, hushusha ndoano kubwa ya chuma na kuikokota sakafuni, ikipita kuvuka njia ya mkongo ili iunase. Penye kina cha kilomita tatu mkongo hauwezi kuvutwa mzima hadi juu. Ungekatika kwa mvutano. Kwa hiyo hukatwa hukohuko chini, ncha moja hupandishwa, hupimwa, huzibwa na kufungwa kwenye boya. Kisha hutafutwa ya pili. Ndoano ikipita bila kushika kitu, kazi huanza upya.

Kuunga ndiko kunakokula muda. Kila uzi humenywa, husafishwa kwa spiriti, hukatwa wima kabisa na kuyeyushwa na mwenzake kwa cheche ya umeme. Vumbi kidogo au mkato ulioenda mshazari hupoteza mwanga, na uzi hukatwa tena. Plastiki mpya humwagwa juu yake, kisha kiungo hupigwa eksirei kutafuta mapovu ya hewa. Povu moja, kwa volti zile, hufungua njia ya umeme kuvuja baharini, na meli italazimika kurudi. Kiungo kimoja huweza kuchukua siku nzima, na vinahitajika viwili, kwa sababu ncha haziungani zenyewe: kati yake huwekwa kipande cha akiba, ili zote mbili ziweze kufika juu ya meli kwa pamoja.

Mawimbi yakichafuka, mafundi husubiri. Kibali nacho huweza kuchelewesha kuliko bahari; hilo lilionekana katika maji ya Yemen mwaka 2024.

Mkongo unaporudishwa chini huwa mrefu kuliko ulivyokuwa, kwa hiyo hulazwa kwa kupinda kando ya njia yake ya zamani. Mahali papya hupimwa na kuingizwa kwenye ramani za mabaharia, nahodha ajaye ajue asitie nanga hapo.