Taa ya ABS Ikiwaka, Sensa Haijafa Lazima

Madereva wengi wa Nairobi wanaamini kwamba taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasigande ukifunga breki kwa nguvu) ikiwaka, na mashine ya fundi ya kusoma hitilafu ikitaja sensa ya gurudumu fulani, yaani kifaa kinachopima kasi yake, dawa ni kushuka kwenye maduka ya vipuri ya Grogan ukanunue nyingine. Si kweli, na imani hii inawamalizia watu pesa bure.

Ujumbe ule unasema tu kwamba kompyuta ya breki haipati ishara sahihi kutoka gurudumu hilo. Huenda waya umekatikia ndani ya ganda lake, pale unapojikunja kila usukani ukigeuzwa. Huenda plagi imeingia maji ikashika kutu, pete yenye meno inayosomwa na sensa imepasuka, au beringi imelegea. Sensa mpya haitibu pete wala beringi, na waya au plagi itavitibu tu kama vimeunganishwa na sensa yenyewe.

Mwombe fundi aangalie kwanza kasi ya magurudumu yote manne kwenye mashine, gari likitembea polepole. Moja likisoma sifuri muda wote, achunguze waya, plagi na sensa yenyewe. Likirukaruka, atazame pete na beringi. Sensa za zamani za koili (waya uliozungushwa) hupimwa ukinzani kwa multimita, kifaa cha kupimia umeme, nyingi zikisoma takribani omu 800 hadi 2,000. Za kisasa zina elektroniki ndani, kwa hiyo kipimo hicho hakithibitishi kitu, na kinaweza hata kuziharibu.