Muundo Mmoja wa Protini Hautoshi

“Umbo tumelipata, kwa hiyo kazi yake tunaijua.” Nimeisikia kauli hii mara nyingi mno, kwa wanafunzi na hata kwa watafiti wanaoniletea faili moja la muundo wakitaka jibu papo hapo.

Dhana: protini imetulia vilevile inavyoonekana pichani.

Hapana. Chukua mayoglobini, inayoshika oksijeni misulini. Ndiyo protini ya kwanza kuonekana muundo wake, mwaka 1958, kwa kazi ya John Kendrew na wenzake. Ichunguze picha yake: hemu, yaani sehemu yenye chuma inayoshika oksijeni, imezama ndani, na hakuna njia iliyo wazi ya oksijeni kupita. Tukiiamini picha peke yake, mayoglobini isingeweza kazi yake! Oksijeni huingia kwa sababu protini haitulii. Histidini (moja ya asidi amino, vipande vinavyounda protini) iliyo jirani na hemu husogea, upenyo hufunguka kwa muda mfupi mno, kisha hujifunga.

Himoglobini, protini ya damu yenye minyororo minne, kila mmoja na hemu yake, ni hivyohivyo. Hemu moja ikishika oksijeni, chuma chake husogea kidogo sana, lakini msogeo huo huvuta mnyororo wake, na minyororo mingine mitatu hujipanga upya, ikawa myepesi zaidi kushika oksijeni. Max Perutz aliling’amua hilo kwa kulinganisha muundo wenye oksijeni na usio nayo. Miwili, si mmoja! Kwa hiyo nasisitiza kila siku: tafuta muundo wa protini ikiwa tupu na ikiwa imeshika kitu chake, ulaze mmoja juu ya mwingine, na uanze kusoma pale inapoachana.

Dhana: badiliko la jeni hudhuru kwa kuvunja umbo.

Si lazima. Katika selimundu, asidi amino iitwayo valini imechukua nafasi ya nyingine, asidi ya glutamiki, kwenye mnyororo wa beta wa himoglobini, na umbo limebaki karibu lilelile. Kilichoongezeka ni doa linalonata juu yake, na himoglobini zilizoachia oksijeni hugandana kuwa nyuzi ndefu.

Dhana: maumbo yakifanana, kazi ni moja.

Hapana. Kwenye lenzi ya jicho la bata, mojawapo ya kristalini, yaani protini zinazojenga lenzi, ni kimeng’enya kilekile cha laktati dihidrojenasi kinachoendesha kemia ya seli kwingineko mwilini.

Dhana: AlphaFold, programu ya akili unde inayotabiri miundo ya protini, imemaliza kazi.

Imetoa miundo zaidi ya milioni 200, na naitumia kwa shukrani. Ila ni utabiri. Sehemu zenye alama ndogo ya uhakika, ambazo wengi huzikata ili picha ipendeze, mara nyingi ni zile zisizo na umbo la kudumu, na baadhi yake ndizo hushikana na protini nyingine. Tafadhali msizikate.