Viatu Mlangoni, Chapati Mezani: Mawazo ya Kipwani kwa Makao ya Mwezini

Mtu akisikia habari ya kuhamia mwezini au Mirihi, hufikiria roketi. Lakini roketi ni shida ya safari tu. Atakayekaa huko atasumbuliwa kila siku na vumbi, chakula na maji, na kwa hayo nyumba ya kawaida ya Mombasa ina mawazo ya kuchangia.

Tuanze mlangoni, viatu vinapovuliwa. Vumbi la mwezini halijawahi kusagwa na upepo wala maji, kwa hiyo chembe zake bado zina ncha kali, na hung'ang'ania nguo kwa umeme tuli. Desemba 1972, mwanaanga Harrison Schmitt wa safari ya mwezini ya Apollo 17 alivimba pua baada ya vumbi hilo kuingia chomboni pamoja na suti za angani. Dawa ni suti nzima ibaki nje, mgongo wake umeshikana na ukuta wa nyumba, na mtu aingie ndani kupitia tundu la mgongoni. NASA, shirika la anga la Marekani, imeshaufanyia majaribio mtindo huo. Pa kuangalia ni mpira unaoziba hewa pale suti inapokutana na ukuta: ufutwe kila mara, maana chembe chache zikibaki hapo, hewa itavuja.

Sasa chakula, na hapa chapati haina mpinzani. Safarini, pasipo uzito, makombo ya boflo hayaanguki. Huelea hadi machoni, au hunyonywa na feni na kuingia kwenye mitambo. Mwaka 1965 mwanaanga John Young alipenyeza sandwichi ndani ya chombo cha Gemini 3. Ilipoanza kumeguka, mwenzake Gus Grissom akaitia mfukoni. Tangu miaka ya 1980 wanaanga wa Marekani hula tortila, ambayo ni jamaa wa karibu wa chapati. Yetu ingefaa isukumwe nyembamba bila kukunjwa tabaka, kwa sababu tabaka zikikauka hubanduka. Chapati ya kawaida huota ukungu kwa siku chache kwa kuwa ina unyevu mwingi. Ya angani ipunguzwe unyevu kwanza, kisha ifungwe kwenye pakiti iliyotolewa oksijeni. Tortila za aina hiyo hukaa hadi miezi 18. Hatua hizo mbili hazitenganishwi: ukiondoa oksijeni ukaacha unyevu, utakuwa umewaandalia makao bakteria wa botulinamu, wanaotia chakula sumu kali na kustawi pasipo hewa.

Kitoweo kiwe mbaazi za nazi zilizokolea. Mchuzi mzito hushika chapati, mwepesi hujiviringa kuwa matone yanayoelea. Na achari ya embe isisahaulike: pasipo uzito majimaji ya mwili hupanda kichwani, pua huziba na chakula hupooza, ndiyo maana wanaanga hupenda sana pilipili. Chumvi nayo huyeyushwa majini kabla ya kufungwa, isije ikatapakaa.

Maji tunayajua kwa mitungi ya lita 20. Kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu mtu mmoja hukadiriwa lita 3.8 hivi kwa siku, na tangu 2023 imethibitika kwamba asilimia 98 ya maji yanaweza kurudishwa kutoka kwenye mkojo, jasho na pumzi. Piga hesabu: watu 4 hupoteza lita 0.3 tu kwa siku, hivyo mtungi mmoja hufidia zaidi ya miezi 2. Kinachoharibu mtambo ni chokaa. Mifupa isiyobeba uzito hupoteza kalisi, nayo huishia kwenye mkojo. Kalisi hiyo ilipokutana na salfeti iliyotokana na asidi ya salfuriki, iliyotumika kuhifadhi mkojo, iliganda kama ule ukoko mweupe wa birika la maji ya kisima, na mtambo ukakwama. Asidi hiyo ikabadilishwa kwa ya fosforasi, na tatizo likapungua sana.

Mtungi huo ungeweza kurushwa kutoka Ngomeni, karibu na Malindi, ambako setilaiti Uhuru iliondokea tarehe 12 Desemba 1970. Karibu na ikweta dunia yenyewe huipa roketi kasi ya mita 460 hivi kwa sekunde kuelekea mashariki, kati ya takriban 7,800 zinazohitajika kuizunguka dunia. Na upande huohuo wa mashariki ni bahari tupu, kwa hiyo vipande vya roketi vinavyoachwa njiani huangukia majini, mbali na makazi ya watu.