Enzi ya dhahabu ilikuwa ya nani?

Kila msimu wa sherehe hapa Lamu, kuna mtu atakayeshika kipaza sauti pale Mkunguni, mbele ya ngome, atuambie turudi kwenye enzi ya dhahabu. Anayemfuata atalirudia neno hilo. Waongoza watalii hulisema, wanasiasa hulisema wakija kuomba kura, na siku hizi hata washereheshaji wa harusi wamelidaka. Limeshatumika vibaya vya kutosha, heri lielezwe.

Maana yake ni fupi. Enzi ya dhahabu ni kipindi ambacho jamii ilifikia kilele katika jambo linaloweza kutajwa na kuonyeshwa: biashara, ujenzi, elimu, ushairi. Kwa Lamu, wengi huhesabu karne ya 18 mpaka katikati ya karne ya 19, na ushahidi upo. Nyumba nyingi za mawe zilizosimama mtaa wa Mkomani mpaka leo ni za karne ya 18. Boriti na pembe za ndovu zilipakiwa majahazini hapa kwenda Uarabuni. Kwa maana hiyo, anayelitumia hajakosea.

Kosa linaingia pale sifa ya biashara na majengo inapovishwa maisha yote. Utasikia: enzi ya dhahabu watu walipendana, enzi ya dhahabu hapakuwa na mkubwa wala mdogo, tulikuwa kitu kimoja. Hapo msemaji ameshatoka kwenye historia, anaeleza hamu yake ya kale. Kuwa na hamu si dhambi. Lakini hamu huchagua la kukumbuka, na historia hailazimiki kumpendeza mtu.

Ingia nyumba moja ya Mkomani uone. Mwenye hamu ataangalia zidaka, vile vishubaka vya ukutani, plasta iliyochongwa kwa mkono, daka la mlangoni lenye kivuli, naye atashusha pumzi. Ana haki, ni kazi nzuri mno. Anayetaka historia ataangalia na juu, darini. Chumba ni kirefu lakini chembamba, kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya kama mita 3. Akishalijua hilo maswali yanamjia yenyewe. Nani aliingia matopeni kukata hizi boriti? Nani alivunja matumbawe, akayapanga juu ya magogo na kuyachoma mpaka yakawa chokaa? Na mwenye nyumba alipokaa kwenye daka lake kupokea wageni, mtama wa jikoni ulitoka wapi? Ulitoka ng'ambo, upande wa bara, kwenye mashamba ya waungwana yaliyolimwa na watumwa.

Au chukua shiraa, ambayo husifiwa sana tukizungumzia heshima ya mama zetu. Ilikuwa nguo kubwa iliyoinuliwa kwa miti, mwanamke mwungwana akatembea ndani yake asionekane na mtu njiani. Ni kweli, ilikuwa ni stara. Ila miti ile haikujishika yenyewe. Walioibeba walikuwa wanawake watumwa, na wao hawakuruhusiwa kujifunika kama mabibi zao. Walipita vichochoro vilevile, saa ileile, nyuso wazi. Ukisema "mama zetu walistahiwa", wanawake wawili walikuwa kwenye msafara ule, na wote wawili wameacha wajukuu mji huu.

Malindi jambo hili liko wazi zaidi. Mji ulikuwa umebaki magofu mpaka mwaka 1861, Sultani Majid wa Unguja alipopeleka watu kuufufua. Haikupita miaka mingi ukawa unasafirisha mtama na ufuta kwa wingi. Ukitazama shehena peke yake, utasema kweli hii ni dhahabu. Lakini mashamba yale yaliendeshwa kwa jasho la watumwa, na waliotoroka walijijengea vijiji vyao vya watoro huko ndani, kama Fuladoyo. Mtu haachi neema akakimbilia porini. Utumwa haukufutwa kisheria katika ukanda wetu wa pwani mpaka mwaka 1907. Hiyo si zama za Nabii Nuhu. Wapo wazee wetu waliolelewa na nyanya waliozaliwa kabla ya hapo.

Na hilo la kuwa kitu kimoja? Takriban mwaka 1812 watu wa Lamu walipigana pale Shela na jeshi la kisiwa cha Pate na la Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa: jirani zetu, Waislamu wenzetu, wanaosema lugha yetu. Lamu ikashinda, na kwa kuhofia kulipiziwa kisasi ikaomba hifadhi kwa Sayyid Said wa Oman. Ngome iliyokamilika mwaka 1821, ambayo wasemaji husimama mbele yake kutuhubiria umoja wa kale, imetokana na hofu hiyo.

Hata Maulidi yetu, ambayo kwayo watu hutoka kila pembe ya pwani kuja Lamu, yana habari ya namna hii. Habib Swaleh, mwanachuoni aliyeyaanzisha, alipofika kutoka Ngazija mwishoni mwa karne ya 19, aliwafundisha elimu ya dini hata watumwa na watoto wao, na baadhi ya wakubwa wa mji wakampinga. Msikiti wake wa Riyadha ulisimama mtaa wa Langoni, karibu mwaka 1900, na mlango wake ulikuwa wazi kwa watu hao. Sasa ukisema kale hapakuwa na mkubwa wala mdogo, umeifuta kazi nzima ya Habib. Alikuwa akipambana na nini, kama watu walikuwa sawa?

Hapa ndipo ninapoumia. Kuchanganya mambo haya mawili kunawanyima wazao wa waliobeba miti ile nafasi yao katika habari ya mji wao. Na wapo waliogeukia upande wa pili, wanaosema kale ilikuwa utumwa mtupu na nyumba zile zibomoke tu. Hao nao wanachagua. Fundi aliyechonga kidaka alikuwa na ujuzi, na ujuzi huo ni wetu.

Hamu yenyewe inafaa kusikilizwa, kwa sababu inasema habari za leo. Mvuvi akisema kale samaki walikuwa karibu, anakuambia kilichompata tangu bandari mpya ilipoanza kujengwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu huko Malindi iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Malalamiko yao yalikuwa na mahali, na wakati, na hasara inayohesabika. Hayakuhitaji kupambwa kwa dhahabu.

Basi wazee wangu na ndugu zangu wenye kushika kipaza sauti, endeleeni kulitumia, ila taja ni karne gani na ni dhahabu ya nani. Ukimaanisha ujenzi, sema ujenzi. Ukimaanisha kwamba ulipokuwa mdogo jirani aliweza kukukanya na mama yako asichukie, sema hivyohivyo, kwamba ilikuwa utotoni mwako na mtaani kwenu. Tutakuamini, na wengine wetu tutakuunga mkono.