Mkono wa kuandikia hauamui mguu wa mbele

Katika mapigano ya sanaa mchanganyiko (MMA), mchezo unaochanganya ngumi, mateke na mieleka, wengi huamini kwamba anayetumia mkono wa kulia lazima atangulize mguu wa kushoto, na mashoto atangulize wa kulia. Imani hiyo ina msingi, kwa kuwa katika ngumi mkono wenye nguvu ukikaa nyuma hupata nafasi ya kuzunguka pamoja na nyonga, na pigo lake huwa zito.

Lakini mchezo huu si ngumi peke yake. Katika mieleka, wengi wanaotumia mkono wa kulia hutanguliza mguu wa kulia ili upande wao wenye nguvu uwe karibu na mpinzani wanapomvamia miguuni, na baadhi yao hubaki na msimamo huo hata wanapojifunza kupiga. Mateke nayo yana hesabu yake: aliyetanguliza mguu wa kulia, akikabiliana na aliyetanguliza wa kushoto, huliona ini la mpinzani, lililo upande wa kulia wa mwili, likiwa wazi zaidi kwa teke lake la kushoto. Hata hivyo, mguu wa mbele ndio unaopigwa na kushikwa kwa urahisi zaidi, jambo ambalo naona wanafunzi wapya hawaelezwi mapema.

Anayetaka kujihakikishia ajirekodi kwa simu akipigana na kivuli chake, yaani akipiga hewani bila mpinzani, raundi moja kwa kila msimamo, kisha atazame ni upi unaomwezesha kurudi nyuma bila kupishanisha miguu na kukinga teke bila kuyumba. Msimamo mgeni huonekana mbaya siku za mwanzo, kwa hiyo jaribio lirudiwe kwa wiki kadhaa mbele ya mwalimu.