Tunapoiita familia nzima kwa mgonjwa mmoja

"Kwani mwanangu, mimi ndiye ninayeumwa?"

Hilo ndilo swali la kwanza la akina mama wengi nikiwaomba waje kliniki ya afya ya akili na kijana wao, tena wamlete na baba, na kaka anayelala naye chumba kimoja, na shangazi kama ana nafasi. Wamezoea kukaa kwenye benchi la nje, kadi mkononi, wakisubiri mtoto achomwe sindano ya mwezi warudi zao nyumbani.

Siwalaumu kwa kuwa na wasiwasi. Fani yetu iliwahi kuwakosea. Mwaka 1948 Frieda Fromm-Reichmann, daktari wa akili aliyekuwa akifanya kazi Marekani, aliandika juu ya mama ambaye namna yake ya kulea inamtia mtoto skizofrenia, ule ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii. Mwaka 1956 mwanaanthropolojia Gregory Bateson na wenzake wakaja na yao: mtoto anayepewa ujumbe unaopingana kila siku, asipate pa kutokea, ndiye huishia kuugua. Utafiti haukuziunga mkono nadharia hizo. Skizofrenia ni ugonjwa wa ubongo, kurithi kuna mchango mkubwa, na hakuna mama anayeusababisha kwa malezi. Haya nayasema mapema kabisa, maana familia nyingi zinafika kwangu zimeshagawana lawama: ukoo wa mama unawanyooshea kidole wa baba, jirani ameshatajwa kwa uchawi, na mgonjwa mwenyewe ameshaambiwa ni bangi zake.

Sasa kama familia haikuleta ugonjwa, ninaiitia nini?

Mwishoni mwa miaka ya 1950, mwanasosiolojia George Brown alifuatilia wanaume waliotoka hospitali za akili jijini London. Akakuta kwamba waliorudi kwa wazazi au kwa wake zao walizidiwa tena mara nyingi kuliko waliokwenda kukaa kwa kaka na dada zao au kwenye vyumba vya kupanga. Nani angedhani? Yeye na wenzake wakaanza kuwahoji ndugu, wakisikiliza maneno na hata sauti inavyopanda. Yaliyojitokeza ni lawama, uhasama, na lile la tatu ambalo watu wetu hulikataa kabisa: kumwingilia mgonjwa kupita kiasi kwa jina la mapenzi. Mwaka 1976 watafiti Christine Vaughn na Julian Leff wakaonyesha kwamba kwenye nyumba za namna hiyo, mgonjwa anayekaa uso kwa uso na ndugu zake zaidi ya saa 35 kwa wiki yuko hatarini zaidi. Mimi huwaambia watu kwamba tunapima joto la nyumba.

Nikupe mfano, nimebadilisha mambo asitambulike mtu. Nilikwenda nyumbani kwa kijana wa miaka 27. Nikamuuliza, "Asubuhi unapenda kunywa nini?" Mama akajibu, "Uji." Umelala vipi? "Kalala vizuri, nilikuwepo." Mama huyo alikuwa akitandika mkeka mlangoni mwa chumba cha mwanawe kila usiku tangu siku kijana alipotoka saa nane akaokotwa barabara kuu. Na ule uji alikuwa akiusagia vidonge bila kumwambia. Nikamgeukia kijana, nikakaa kimya nikimtazama. Kimya kikawa kirefu mpaka mama akaanza kuhangaika na kanga yake. Hatimaye kijana akasema, "Chai ya rangi. Uji una ladha ya dawa."

Alijua siku zote.

Baba yake alikuwa na tatizo jingine. "Mvivu tu huyu. Sauti hasikii tena, mbona haogi, mbona haendi hata dukani?" Haya ndiyo malalamiko ninayoyasikia zaidi. Mtu akizungumza peke yake barabarani, kila mmoja anaona huo ni ugonjwa. Akikaa kitandani mpaka saa sita mchana, anaitwa mvivu. Kumbe kukosa hamu, kufifia kwa uso na kutotaka watu ni dalili za skizofrenia vilevile, na dawa hazizigusi sana kama zinavyogusa sauti. Nilipomweleza mzee, alinyamaza, kisha akauliza kama hiyo ni kweli au namtetea.

Kazi yenyewe ni ya mazoezi madogomadogo. Badala ya "hujitumi wewe", baba anajifunza kusema, "Jana ulivyochota maji nilifurahi." Kijana akisema sauti zinamtukana, hatubishani naye wala hatukubali kwamba zipo: "Mimi sizisikii, ila naona zinakusumbua." Dawa anakunywa mwenyewe, mama akiwa jikoni. Mchana anakwenda kwa mjomba kulisha kuku, si kwa ajili ya mayai tu, bali wapumzishane. Miongozo ya Uingereza inataka vikao visivyopungua 10 ndani ya miezi mitatu hadi mwaka. Kwetu nauli ya watu wanne ndiyo huamua.

Wala tiba hii si mbadala wa dawa. Jaribio la Leff la mwaka 1982 lilikuwa dogo, familia 24, na wagonjwa wote walikuwa kwenye dawa. Baada ya miezi tisa, nusu ya waliopata huduma ya kawaida walikuwa wamezidiwa tena. Waliofanyiwa kazi pamoja na familia zao, chini ya mmoja kati ya kumi. Hapa kwetu mradi wa KUPAA umewakutanisha wagonjwa na ndugu zao kwa vikundi, Dar es Salaam na Mbeya.

Na majini je? Naulizwa kila wiki. Mwanaanthropolojia Juli McGruder, aliyekaa na familia za Zanzibar, aliona kwamba imani ya majini haikuwa lazima imtenge mgonjwa. Pepo huja na kuondoka, kwa hiyo akitulia anaachwa awe mtu wa nyumbani kama wengine, bila kuchunguzwa kila dakika. Ndiyo maana sigombani na kombe, yale maji ya aya za Kurani anayonyweshwa mgonjwa. Nagombana na minyororo, na anayesema sindano iachwe.

Kikao cha mwisho tuliandika dalili za kuangalia, za kubandikwa kwenye kabati la vyombo pamoja na namba ya muuguzi. Kijana ndiye aliyeshika kalamu. Kutolala siku mbili. Kuzima redio akidai inamtaja. Kuziba dirisha kwa shuka. Akafikiri kidogo, akaongeza ya nne bila kuinua kichwa: "Mama kurudisha mkeka mlangoni."

Mama aliisoma, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga.