720720, namba isiyobakisha

Jumapili iliyopita nilipita Kadutu, kule Bukavu, kwa mama mmoja anayetunza sanduku la likelemba yao, kile chama cha kuchangishana pesa, anauza sambaza pale, vile visamaki vidogo, akaniuliza kitu ambacho hata wanafunzi wangu hawajawahi niuliza: mwalimu, ni makuta ngapi, pesa ngapi, naweza gawa bila kubakisha, hata kama sijui siku hiyo tutakuwa wangapi? Ju kwao bamama wanaingia wanatoka, leo wako 11, kesho 14, ila hawajawahi pita 16, na kila mwaka ule mubakio mudogo njo unaleta maneno.

Nikamuandikia kwa kipande cha karatasi: 720720. Inagawanyika kwa kila namba toka 1 mpaka 16.

Mtu wa haraka angezidisha 1 × 2 × 3 mpaka 16, angefika 20,922,789,888,000. Inagawanyika kweli, lakini ni mzigo wa bure. Tunatafuta KDS, kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa hizo zote, na ufundi wake wote ni kutolipa kitu mara mbili: kama 2 na 3 ziko ndani basi 6 umeshailipa, na ukibeba 16 umebeba pia 2, 4 na 8. Zinabaki 16, 9, 5, 7, 11 na 13 tu. Sasa angalia, hapa njo napapenda: 16 × 9 × 5 ni 720, halafu 7 × 11 × 13 ni 1001, na namba yoyote ya tarakimu tatu ukiizidisha kwa 1001 inajiandika mara mbili. 720, tena 720. Wengi wanafikiri ni bahati, kumbe ni zile namba tasa tatu za mwisho zimefanya kazi.

Vigawo vyake viko 240, na chini yake hakuna namba yenye vingi hivyo. Ramanujan, yule Muhindi wa hesabu, alitoa kazi nzima juu ya namba za aina hii mwaka 1915, akapanga orodha mpaka 6,746,328,388,800 na humo ndani akaruka moja, 293,318,625,600. Mimi nikikosea kujumlisha pointi za mitihani huwa nakumbuka hiyo, roho inatulia.

Kingine: toka 720722 mpaka 720736 hutapata namba tasa hata moja, ju ukiongeza 2 inagawanyika kwa 2, ukiongeza 3 kwa 3, hivyo hivyo mpaka 16.

Akija mama wa 17, imeharibika, inabaki 5. Lazima uzidishe kwa 17, unaruka mpaka 12,252,240. Lakini wa 18 anaingia bure kabisa, ju 18 ni 2 × 9 na zote ziko ndani tayari.

Bon, mama akatoa telefone, akagawa kwa 16, ikatoka 45,045. Akaniangalia. “Mwalimu, hiyo 45 ya mwisho naitoa wapi? Chini ya faranga 50 nani atapokea?”

Haya ilinishika kweli. Nikarudi kwenye karatasi: kila fungu lazima ligawanyike kwa 50, kwa hiyo 720720 × 50, inakuwa 36,036,000. Ile 1001 bado imo, si unaona 36 inajirudia. Akaisoma polepole, sifuri kwa sifuri, akacheka mpaka akaweka kipimo cha sambaza chini.

“Hiyo basi utatukopesha wewe, mwalimu.”